Vinanda vikuukuu vya umeme na watu wanaokataa vife

Chipu sita nyeusi hutumbukizwa kwenye kopo la asetoni, kimiminika kilekile kinachofuta rangi ya kucha, zikaachwa humo siku mbili au tatu. Zikitolewa, gamba gumu lililozifunika tangu kiwandani huwa limelegea, na fundi hulibandua polepole kwa brashi mpaka sakiti ya ndani ionekane. Kisha huzichomea tena mahali pake, akawasha umeme, akabonyeza kitufe kimoja baada ya kingine. Akibahatika, sauti zote sita zimerudi.

Hivyo ndivyo inavyotibiwa Roland Juno-106, sinthesaiza ya Kijapani iliyoingia sokoni mwaka 1984. Kila chipu hubeba sauti moja. Gamba lililowekwa ili kuikinga huanza, baada ya miaka, kupitisha umeme mahali usipotakiwa. Sauti hukwaruza, halafu hukatika kabisa. Roland haitengenezi tena chipu hiyo. Dawa ya asetoni haikutoka kiwandani. Waliigundua mafundi na wapenzi wa vinanda hivi, wakafundishana, na leo Juno nyingi zinapigwa kwa sababu mtu fulani hakukubali kuitupa yake.

Watu wa namna hiyo wametapakaa duniani. Wanatafuta vinanda vya miaka ya 1970 na 1980, wanavifungua, wanavisafisha, wanabadilisha kapasita zilizokauka, wanavipiga. Ninawaandikia habari zao wasomaji wa Kiswahili kwa kuwa sisi nasi tumeishi na vinanda vya umeme harusini, kanisani na kwenye taarab kwa zaidi ya miaka 30, na mara chache tumejiuliza vikizeeka vinaishia wapi.

Sinthesaiza si piano iliyotiwa waya. Piano ina nyuzi, ngoma ina ngozi, zumari ina pumzi ya mpigaji. Ndani ya sinthesaiza ya kale hakuna kinachotikisika ila umeme wenyewe. Sakiti iitwayo osileta hutoa wimbi kali, lililojaa, ambalo likiachwa hivyo linachosha sikio. Wimbi hilo hupitishwa kwenye chujio, ambalo hushika ukali na kuachia ulaini, kama kifumbu kinavyoshika machicha na kuachia tui. Sakiti nyingine huamua sauti ianze ghafla au ipande taratibu, idumu au izimike mara moja. Kila hatua ina kifundo chake cha kuzungusha, na hapo ndipo penye raha ya chombo hiki: mpigaji haendi kuchagua sauti kwenye orodha, anaijenga kwa vidole huku wimbo ukiendelea.

Jina linalotajwa kwanza katika habari hizi ni Robert Moog, mzaliwa wa New York wa mwaka 1934, aliyeanza kuunda vyombo vya muziki vya umeme akiwa kijana nyumbani kwao. Mwaka 1964, akishirikiana na mtunzi na mwalimu wa muziki Herbert Deutsch, alitengeneza mashine yake ya kwanza ya kuunda sauti. Mashine zilizofuata zilijaza kabati zima, na ili zitoe mlio ilibidi sehemu moja iunganishwe na nyingine kwa nyaya nyingi za kuchomeka. Wengi waliziona ni vifaa vya maabara. Mwaka 1968 mwanamuziki Wendy Carlos akatoa albamu ya muziki wa Bach uliopigwa wote kwa Moog, *Switched-On Bach*. Chombo kilikuwa na uwezo wa kutoa noti moja tu kwa wakati, kwa hiyo kila mstari wa sauti ulirekodiwa peke yake kwenye utepe, ukawekwa juu ya mwingine, kipande kwa kipande. Albamu hiyo ilipata tuzo tatu za Grammy, na wanamuziki wakaanza kupiga hodi kwa Moog.

Lakini kabati haliendi kwenye dansi. Fundi mmoja wa kiwanda cha Moog kilichokuwa katika mji mdogo wa Trumansburg, Bill Hemsath, alikusanya vipande vilivyotelekezwa darini, akaviunganisha kuwa chombo kimoja kidogo kisichohitaji nyaya za kuchomeka. Kutokana na mabaki hayo ikazaliwa Minimoog, iliyoanza kuuzwa mwaka 1970. Ina vitufe 44, osileta tatu, na bado noti moja tu kwa wakati. Hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1981 zilikuwa zimetengenezwa takriban 12,000. Mwanamuziki wa jazi Sun Ra alikuwa nayo mapema kabisa, hata kabla haijafikia umbo la kuuzwa madukani. Bernie Worrell aliitumia kupiga besi ya wimbo "Flash Light" wa kundi la Parliament, na tangu hapo mpiga gitaa la besi yeyote wa muziki wa fanki alijua kwamba amepata mshindani.

Minimoog ilikuwa na udhaifu ambao wapenzi wake leo wanausimulia kwa mapenzi. Ikipata joto, noti zinahama. Mpigaji aliiwasha mapema kabla ya onyesho ili itulie, na hata hivyo alilazimika kuirekebisha katikati ya usiku. Haikuwa na kumbukumbu pia. Ukipata sauti nzuri, ulichukua karatasi ukachora kila kifundo kimeelekea wapi, la sivyo kesho huipati tena. Nadhani hapa ndipo panapoeleweka kwa nini mtu wa leo, mwenye programu ya kompyuta inayoweza kuiga sauti 1,000, bado anatamani chombo hiki kizito. Kinamlazimisha asikilize. Hakuna skrini ya kutazama. Sikio na mkono ndivyo vinavyofanya kazi, na sauti ya leo haitalingana kabisa na ya jana.

Suala la kumbukumbu lilipata jibu mwaka 1978, Dave Smith wa kampuni ya Sequential Circuits huko California alipotoa Prophet-5, iliyopiga noti tano kwa pamoja na kuhifadhi sauti ulizozijenga. Tajiri zaidi kwa sauti, kwa masikio yangu, ilikuwa Yamaha CS-80 ya wakati huohuo, yenye uzito wa zaidi ya kilo 80, ambayo mtunzi Vangelis aliitumia katika muziki wa filamu ya *Blade Runner* ya mwaka 1982. Anayeimiliki leo huwa anamfahamu fundi wake kama mtu anavyomfahamu daktari wa familia, na akitaka kuiuza anataja makumi ya maelfu ya dola.

Halafu ukaja mwaka 1983. Yamaha ilitoa DX7, kinanda chepesi, cha kidijitali, chenye noti 16 kwa pamoja na sauti za kengele na piano za umeme zilizong'aa kuliko chochote kilichokuwapo. Msingi wake ulikuwa ugunduzi wa John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, wa mwaka 1967, wa kutumia wimbi moja kutikisa jingine. Mtu yeyote aliyesikiliza redio miaka hiyo ameisikia DX7, hata kama hajui jina lake. Ilikuwa ngumu mno kuijengea sauti mpya, maana vifundo viliondolewa vikawekwa vibonyezo na kioo kidogo cha maandishi, na wengi waliridhika na sauti za kiwandani. Hata hivyo iliuzwa kwa wingi usio na mfano. Vinanda vya zamani vikaonekana takataka. Minimoog ziliuzwa kwa bei ya kutupa, nyingine zikaishia kwenye stoo za shule na studio.

Ni katika kutupwa huko ndipo vilipoanza maisha yao ya pili. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808, iliyotengenezwa kuanzia 1980 hadi 1983, ilidharauliwa kwa kuwa ngoma zake hazikufanana na ngoma halisi. Zikashuka bei kwenye maduka ya mitumba, vijana wasio na fedha wa New York, Detroit na Chicago wakazinunua. Ndugu yake TB-303, iliyokusudiwa kumsaidia mpiga gitaa asiye na mpiga besi, ilishindwa sokoni na kuachwa mwaka 1984. Miaka mitatu baadaye kundi la Phuture la Chicago lilizungusha vifundo vyake kwa namna ambayo hakuna mhandisi aliyeitarajia, na wimbo wao "Acid Tracks" ukaanzisha mtindo mzima wa dansi. Leo mashine hizo mbili zinauzwa kwa maelfu ya dola. Thamani hiyo haikutoka Japani. Ilitengenezwa na vijana Weusi wa miji ya Marekani waliochukua kile ambacho wenye nacho walikitupa.

Mwaka huohuo wa 1983 ulileta pia kitu ambacho ningependa kila mwanafunzi wa muziki akijue. Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland, walikuwa washindani wa kibiashara. Walikubaliana vinanda vya kampuni zote vizungumze lugha moja, wakaitoa bure, bila kudai ada kwa yeyote. Lugha hiyo ni MIDI. Onyesho la Januari mwaka huo huko California liliunganisha Prophet-600 ya Smith na Jupiter-6 ya Kakehashi kwa waya mmoja, na ukipiga kimoja kingine kikaitika. Kwa sababu ya uamuzi huo, DX7 ya mwaka 1983 inaweza kuunganishwa leo na kompyuta mpya kabisa na ikafanya kazi. Ni vifaa vichache vya umeme vya umri huo vinavyoweza kusema hivyo. Kakehashi alifariki mwaka 2017 na Smith mwaka 2022, na urithi wao mkubwa hauna nembo ya kampuni.

Wakusanyaji wenyewe hawafanani. Wapo wanaonunua ili kabati lijae na bei ipande, wakafunika vinanda kwa shuka. Hao sina la kuwasifia. Ninaowaheshimu ni wale waliofungua milango. Mjini Fribourg, Uswisi, katika majengo ya kilichokuwa kiwanda cha bia cha Cardinal, kuna makumbusho ya vyombo vya muziki vya kielektroniki yaliyokua kutokana na mkusanyiko wa mtu mmoja, na sasa yana vyombo takriban 5,000. Mgeni anaruhusiwa kukaa na kupiga. Huko Melbourne, Australia, studio ya MESS imekuwa ikifanya vivyo hivyo tangu 2016: unakuwa mwanachama, unachagua kinanda, unawekewa mezani. Calgary, Kanada, iko TONTO, makabati ya mbao yaliyopinda nusu duara yaliyojazwa sinthesaiza za watengenezaji mbalimbali. Malcolm Cecil na Robert Margouleff waliiunda, na Stevie Wonder akaitumia kwenye albamu zake za miaka ya 1972 hadi 1974. Kituo cha Taifa cha Muziki cha Kanada kiliinunua mwaka 2013, na fundi wake John Leimseider alitumia miaka akiifufua. Aliikamilisha mwaka 2018, mwaka aliofariki. Wanamuziki wanakwenda pale kurekodi.

Ufundi huu unategemea vipuri, na vipuri vina historia yake. Vinanda vingi vya mwanzo wa miaka ya 1980 vina chipu za Doug Curtis, mhandisi wa Marekani aliyefariki mwaka 2007. Chipu zake zilikuwa zimeadimika, zikigombaniwa kwa bei ya kuumiza. Mwaka 2016 kampuni yake ilianza tena kutengeneza CEM3340, ile ya osileta, na vinanda vilivyokuwa vimelala vikaamka. Makampuni nayo yaliona biashara: Korg ilirudisha MS-20 yake kwa umbo dogo mwaka 2013, Moog ikarudisha Minimoog mwaka 2016, na wengine wakatoa nakala za bei nafuu zaidi. Wapo wakusanyaji wanaozibeza nakala. Mimi naziunga mkono. Kijana wa Tandale au Kisauni hatanunua Minimoog ya mwaka 1972, lakini nakala anaweza kuifikia kwa kuchangishana.

Afrika haikuwa mtazamaji katika habari hii. William Onyeabor wa Enugu, Nigeria, alijitengenezea albamu kuanzia 1977 hadi 1985 kwa sinthesaiza, kisha akaacha muziki akaingia katika wokovu na kukataa kuuzungumzia. Dunia ilimgundua upya mwaka 2013 kupitia mkusanyiko uliotolewa New York, miaka michache kabla hajafariki. Hailu Mergia wa Ethiopia, aliyepiga na Walias Band mjini Addis Ababa, alibaki Washington baada ya ziara, na mwaka 1985 akatoa kaseti aliyoipiga peke yake kwa akodiani, sinthesaiza na mashine ya ngoma. Baadaye akaendesha teksi uwanja wa ndege kwa miaka mingi, akiwa na kinanda kwenye buti ili afanye mazoezi akisubiri abiria. Kaseti ilipotolewa upya mwaka 2013, alirudi jukwaani.

Nasi wa Afrika Mashariki tunayo sehemu yetu, nayo imeanzia kwenye kinanda ambacho wakusanyaji wa Ulaya walikuwa wakikiita cha kitoto.

Casio ilikuwa kampuni ya vikokotoo. Mwaka 1980 iliingia kwenye muziki kwa vinanda vya Casiotone, kwa imani ya mmoja wa waasisi wake, Toshio Kashio, kwamba furaha ya kupiga chombo isiwe ya waliosomea tu. Vinanda vilikuwa vidogo, vya bei ndogo, vingine vya betri. Mwaka huohuo kampuni ilimwajiri Hiroko Okuda, msichana aliyehitimu chuo cha muziki akiwa ameandika utafiti wake juu ya rege. Alipewa kazi ya kutunga midundo ya kuandamana na mpigaji, na mmoja kati ya midundo hiyo uliingia ndani ya Casio MT-40 ya mwaka 1981. Jijini Kingston, Jamaika, mwimbaji Wayne Smith na mwenzake Noel Davy waliubonyeza, prodyuza King Jammy akaupunguza kasi, na mwaka 1985 ukatoka "Under Mi Sleng Teng". Rege ikageuka ya kidijitali kuanzia hapo. Mdundo huo umeimbiwa nyimbo mamia.

Jijini Dar es Salaam, miaka ya 1990 ikianza, Casio ileile ndogo iliingia uswahilini ikakutana na ngoma za Wazaramo. Ukazaliwa mchiriku, ambao wengine waliuita mnanda. Kinanda kinapitishwa kwenye amplifaya kuukuu, kutoka hapo kwenye spika za honi, mpaka sauti inaparuza. Ngoma nne tano zinakimbia chini yake, mwimbaji anasimulia mapenzi, umaskini, dawa za kulevya, mama mkwe. Kukwaruza huko hakukuwa bahati mbaya ya umaskini. Kundi lililopata spika safi lingepoteza nusu ya nguvu yake. Jagwa Music, lililoanzishwa mwaka 1992, liliutoa mtindo huu mbele ya dunia kwa albamu *Bongo Hotheads*, iliyochapishwa Ubelgiji na Crammed Discs mwaka 2012. Nyumbani uliitwa muziki wa wahuni. Ughaibuni wakusanyaji walewale waliokuwa wakizibeza Casio walianza kuuliza ni modeli gani inayotoa mlio ule.

Miaka hiyohiyo taarab ya Bara nayo ilibadilika. Vikundi kama TOT na Muungano viliposhindana, kinanda cha umeme kilichukua nafasi ya fidla na ganuni, na baadhi ya wazee wa Zanzibar wakalalamika, kwa haki, kwamba maqam za Kiarabu zina robo noti ambazo kinanda cha kawaida hakizifikii. Ila rusha roho isingekuwapo bila vinanda hivyo. Mchiriku na taarab ya kisasa vikalea singeli, na singeli ya studio za vijana wa Dar ikatolewa Kampala na lebo ya Nyege Nyege Tapes, ikasikika katika majumba ya dansi ya Ulaya. Huo ni mnyororo mmoja, na kiungo chake ni vinanda ambavyo hakuna aliyevihifadhi.

Hapo ndipo ninapoumia. Juno iliyotengenezwa Japani ina watu elfu wanaojua jinsi ya kuitibu. Casio iliyopiga harusi za Mbagala na Buguruni kwa miaka 15, ambayo kaseti zake zilipigwa kwenye daladala za jiji zima, imeuzwa kwa kilo kwa mnunua vyuma chakavu. Makumbusho yetu yana marimba, zeze, msondo, na ni vyema. Kinanda cha mchiriku nacho kinastahili rafu, pamoja na jina la aliyekipiga, mtaa aliopigia na kaseti alizorekodi. Mafundi hatujakosa: Kariakoo wapo watu wanaofufua amplifaya ambazo kiwanda kimezikana, na bodi ya Casio ya mwaka 1985 haiwashindi.

Basi, msomaji, ikiwa kikundi chako cha taarab, kwaya yako au marehemu baba yako aliacha kinanda stoo, usikiuze wiki hii. Kwanza fungua kifuniko cha betri uzitoe zote, kwa sababu betri zikivuja hula bodi. Korg Polysix nyingi duniani zimeharibiwa na betri ndogo iliyochomewa ndani kiwandani, na hiyo iondolewe na fundi. Pili, soma maandishi ya nyuma kabla ya kuchomeka: kinanda cha mtumba kilichotengenezwa kwa soko la Japani kinataka volti 100, nasi tuna 230 au 240, kwa hiyo kitaungua mara moja bila transfoma. Adapta za Casio za zamani nyingi zina hasi katikati, tofauti na adapta nyingine za mezani, na kukosea hapo kunaweza kuiua chipu. Kama hakijawashwa kwa miaka 10 au zaidi, fundi akague kwanza sehemu ya umeme. Kisha muulize aliyekuwa akikipiga, kama yu hai, mrekodi kwa simu yako, uandike jina lake na mwaka. Na kitakapowaka, mpe kijana wa singeli wa mtaani kwako akipige.